Nilivyoponea chupuchupu kuachwa na meli Barbados

MSOMAJI wangu, kama unadhani kasheshe ya usafiri iko Kariakoo na Mwenge peke yake, vuta kiti nikupe mkasa ulionikuta ng'ambo.

Mimi ni baharia, nasafisha vyumba kwenye meli ya watalii. Siku moja mwaka 2023 tulitia nanga Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, kisiwa cha Karibi chenye urefu wa kilometa 34 tu. Nikapewa ruhusa ya kutoka hadi saa 10 jioni. Saa 11 meli inang'oa nanga. Ukichelewa umeachwa, na kibarua kimeota nyasi. Na nyumbani mdogo wangu alikuwa anasubiri ada ya shule kutoka kwenye kibarua hichohicho.

Mfukoni nilikuwa na dola 30 za Marekani. Hamu yangu ilikuwa kufika Bathsheba, upande wa pili wa kisiwa, ambako mawimbi ya Atlantiki yanapiga miamba mikubwa kama nyumba.

Getini tukapokewa na madereva wa teksi. Teksi za kule hazina mita. Unazitambua kwa namba inayoanza na herufi Z, na bei mnakubaliana kabla hujaweka makalio kwenye kiti. Jamaa akanitajia dola 40, kwenda tu! Mshikaji wangu wa kazini, kijana wa Mombasa, akaungana na wenzake watatu wakakodi moja kwenda na kurudi, kila mtu dola 25. Nikawacheka. "Nyie ubepari mmeuanza lini?"

Mtoto wa mjini nikapiga mguu hadi stendi ya Fairchild Street. Njiani nikabadilisha dola 10, nikapata 20 za kwao, maana dola yao mbili ndiyo moja ya Marekani.

Usafiri wa umma wa kule ni wa aina tatu. Mabasi ya buluu yenye mstari wa njano ni ya serikali. Ya njano yenye mstari wa buluu ni minibasi za watu binafsi. Halafu kuna nyeupe zenye mstari wa damu ya mzee. Hizo ndizo vipanya vyao, wenyewe wanaziita ZR kwa sababu ya herufi za kwenye namba. Nauli ni moja kote, dola 3.50 za kwao tangu mwaka 2019, ushuke kituo cha pili au mwisho wa njia.

Nikapanda la serikali, kimya kimya, nikakaa. Bibi mmoja akanigeukia. "Kijana, kwenu hakuna salamu?" Kumbe kule ukiingia kwenye basi unawasalimia waliomo. Mswahili mzima nafundishwa kusalimia! Nilitamani kiti kinimeze.

Basi likakata mashamba ya miwa, likateremka vilima, na kabla saa haijaisha nikawa Bathsheba. Sikudanganyi, ni bomba. Vijana wanateleza juu ya mawimbi na vibao vyao, mimi nimekaa na samaki wangu wa kukaanga na soda. Nilipolipa nikabaki na dola 3.50 za kwao, nauli ya kurudi, na zile 20 za Marekani za akiba.

Saa 8 na nusu nikasimama kituoni, palepale niliposhukia. Basi likatokea, lakini ng'ambo ya barabara. Nikapunga mikono yote miwili. Likapita zake! Kuja kuangalia kibao juu ya kichwa changu, kimeandikwa "kutoka mjini". Cha "kwenda mjini" kilikuwa upande wa pili.

Mama mmoja aliyekaa barazani akanihurumia. "Lijalo ni baada ya saa nzima, mwanangu. Likija."

Jasho likanitoka. Niliona sura ya mdogo wangu akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Ikatokea teksi tupu, imetoka kushusha watalii. "Bandarini dola 40," dereva akasema. Nikamwambia ninazo 20. Akafyonya kama mtu wa Tandale kabisa. Yule mama akaingilia kati: "Basi mfikishe hata Warrens, atapata ZR." Jamaa akanitazama, akatazama barabara, akafungua mlango.

Warrens ni kitongoji chenye pilikapilika nje kidogo ya mji, na vipanya havikatiki. Nilishuka sina hata senti ya Marekani. Kipanya cha kwanza kimejaa. Cha pili kimejaa, lakini konda anaita tu, muziki unatikisa vioo. Hapo ndipo shule ya Mbagala ilipolipa. Nikajipenyeza, nikabanwa kati ya mkoba wa mama na goti la mwanafunzi, na salamu sikusahau: "Habari za mchana, jamani!" Kipanya kizima kikaitikia.

Mjini nilishuka nikikimbia. Nilikanyaga ngazi ya meli saa 10 kasoro dakika tano. Kijana wa Mombasa ameegemea chuma, anakula embe. "Haya bepari," akasema, "umetumia ngapi?"

Dola 30 zote, msomaji. Yeye 25, na ameogelea.

Ukijaliwa kufika kule, panda basi, ni rahisi na ni raha. Lakini ukishuka tu, kabla hujaangalia bahari, uliza saa ya basi la kurudi na upande wa kusimama. Na uwe na akiba ya teksi inayotosha hadi mwisho wa safari. Wale akina mama wa barazani hawakai kila kituo.