Iceland: kisiwa kilichopoteza misitu yake

Iceland ni kisiwa kikubwa kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki. Kina takriban kilomita za mraba 103,000, lakini watu hawafiki 400,000. Wengi wanaishi karibu na pwani, kwa sababu katikati ya kisiwa ni barafu, volkano na nyika isiyolimika.

Walowezi, wengi wao kutoka Norway, walianza kuhamia huko mwaka 874 hivi. Wataalamu wanakadiria kwamba wakati huo misitu ilifunika robo ya kisiwa au zaidi. Watu walikata miti kwa ajili ya kuni, mkaa na malisho. Kisha kondoo wakala machipukizi, na misitu ikashindwa kuota tena. Udongo ukabaki wazi, upepo ukaupeperusha.

Mwaka 1907 ilitungwa sheria ya kulinda misitu na kuzuia mmomonyoko. Leo, baada ya zaidi ya miaka 100, misitu ni kama asilimia 2 tu ya nchi.

Tunaofuga tuzingatie hili: shina lililokatwa huweza kuchipua tena, mradi mifugo isiyafikie machipukizi. Kwa hiyo, kabla ya kupanda mche, tuweke uzio.