Jicho Limepona, Kidole Bado Kinatangulia

Mwanangu humimina maji kwa kugusa. Hutanguliza kidole kwenye mdomo wa dumu, akaegemeza jagi palepale, ndipo akaliinamisha. Hapa kwetu Bisibo maji ni ya kuteka, hayamwagwi ovyo, na kwa miaka mingi nilidhani ni utundu tu uliomfanya aloweshe sakafu. Sasa ana miaka 12, yuko darasa la saba. Jicho lake la kushoto, lililokuwa likiishia kwenye mistari ya juu kabisa ya chati ya hospitali, linasoma karibu hadi chini. Daktari amefurahi, nami nimefurahi. Lakini kidole bado kinatangulia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na bado tatizo la mwanangu wa kumzaa lilinipita. Jioni akichoka, jicho la kushoto lilikuwa likivutwa kidogo kuelekea puani. Bibi yake aliniambia, "Mwache mtoto, mama. Ni macho ya babu yake hayo." Nikamwacha. Hadi alipotimiza miaka sita, siku moja tukicheza, nikamfunika jicho la kulia kwa pembe ya kanga. Akanishika mkono, akauliza, "Mama, mbona umenifunga yote mawili?"

Sentensi hiyo ilitupandisha basi. Biharamulo, Geita, kisha kivuko cha Busisi, maana daraja lililofunguliwa Juni 2025 lilikuwa bado, hadi Bugando, Mwanza. Walimtia dawa ya kupanua mboni, wakammulika. Jicho la kushoto lilihitaji lenzi nzito kuliko la kulia, na makengeza kidogo yalikuwepo. Uoni wake ulikuwa 6/36: kitu ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 36, yeye alikiona kwa jicho hilo akisogea hadi mita 6. Hata alipovikwa miwani iliyomfaa, picha ilibaki na ukungu.

Wanaliita jicho vivu. Sikulipenda jina hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu jicho halikuwa na uvivu wowote. Mtoto hazaliwi akijua kuona. Ubongo hujifunza katika miaka ya mwanzo, kwa kulinganisha picha za macho mawili. Moja likileta picha yenye ukungu, au likitazama upande mwingine, ubongo hulipuuza na kumsikiliza mwenzake. David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha hilo miaka ya 1960 kwa paka wachanga waliofungwa jicho moja: lilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima, lakini chembe za ubongo zilizopaswa kulihudumia zilikuwa zimehamia kwa lile jingine. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ndiyo maana umri una uzito mkubwa hivi. Mtoto wa jicho kwa wachanga ndiye mkali kuliko sababu zote za jicho vivu, kwa kuwa huziba mwanga wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wa Tanzania waliopelekwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuta ucheleweshaji mrefu, hasa kwa wanaoishi mbali na hospitali na kwa watoto ambao mama zao hawakusoma sana. Mimi nimesoma, na bado nilichelewa. Basi jirani yangu ambaye hakuvuka darasa la nne nitamlaumu kwa lipi?

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuiishi. Miwani kwanza, ya kuvaa kutwa. Wapo watoto ambao hiyo peke yake huwatosha. Kisha plasta juu ya jicho zuri, saa mbili kila siku, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lililosahauliwa. Majaribio yaliyofanyika Marekani yalionyesha mwaka 2003 kwamba kwa jicho lililofifia kwa kiasi, saa mbili huleta matokeo sawa na saa sita. Mwaka mmoja kabla yake, yalikuwa yameonyesha kwamba matone ya atropini yanayotia ukungu jicho zuri hukaribia kufanya kazi ileile. Sisi tulifuata plasta, saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia. Alichambua maharage. Mawe huku, maganda kule, mekundu peke yake, ya njano peke yake. Wiki za mwanzo alilia na kuibandua. Nilikaa naye ungoni, nikichambua huku nimefunga jicho langu moja ili tuwe sawa.

Baada ya miezi tisa alisoma 6/12, kisha 6/9. Nikaacha plasta. Hapo nilikosea: niliiacha ghafla, na safari ya kurudi kupimwa nikaiahirisha msimu mzima kwa sababu ya nauli na palizi. Tuliporudi alikuwa ameshuka hadi 6/18. Utafiti wa mwaka 2004 ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne hupoteza sehemu ya alichopata ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuacha tiba. Tukaanza upya, safari hii tukipunguza polepole, na 6/9 ikarudi, ikakaa.

Nilidhani tumefika.

Siku hiyohiyo walimvalisha miwani ya giza, wakamfungulia kitabu chenye picha ya nzi mkubwa. Anayeona kwa macho mawili kwa pamoja humwona nzi huyo ameinuka juu ya karatasi. Watoto hunyoosha vidole kushika mabawa hewani, wengine huogopa. Mwanangu aliweka kidole juu ya karatasi, bapa. "Ni picha tu," alisema. Macho yake yamejifunza kuona, kila moja kwa zamu yake, kushirikiana bado. Ndipo nikaelewa dumu, uzi usioingia kwenye tundu la sindano, mpira unaompita mkononi. Nikaelewa pia kwa nini pale Lusahunga, malori ya mpakani Rusumo na Kabanga yanapopita, husubiri hadi barabara iwe tupu kabisa ndipo avuke. Nilikuwa nikimwita mwoga. Tangu siku hiyo sijarudia.

Sasa kinachoninyima usingizi ni mtihani wa darasa la saba. Majibu ya kuchagua husilibwa kwenye fomu ya OMR inayosomwa na mashine, viduara vidogo safu kwa safu, na mtoto huhama kutoka karatasi ya maswali kwenda kwenye fomu na kurudi. Mwaka 2018 watafiti wa Dallas, Marekani, walipima watoto kwa kazi ya kusiliba tu, bila swali lolote la kufikiri. Wenye jicho vivu walitumia muda unaozidi wa wenzao kwa zaidi ya robo. Waliotibiwa makengeza, na ambao kwenye chati hawana jicho vivu, walichelewa karibu vilevile.

Watahiniwa wenye uoni hafifu hupewa karatasi za maandishi makubwa, na ni haki yao. Mwanangu hahesabiwi kati yao, maana jicho lake la kulia linasoma mstari wa mwisho. Mwalimu asiyejua atamwona mzembe, mwenye akili nyepesi na mkono mzito. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaandikia watoto wa aina hiyo "ongeza juhudi", na sasa nakumbuka sura zao mmoja mmoja.

Kwa hiyo jioni, saa zile za plasta, tunasiliba. Nimechora viduara kwenye karatasi za daftari. Anaweka rula chini ya safu, anajibu maswali matano, anayahamisha yote matano, ndipo anaendelea. Rula ilikuwa wazo lake. Mwezi uliopita alikuwa akiruka safu. Wiki hii hajaruka hata moja.

Mdogo wake ana miaka mitatu. Nitampeleka naye akapimwe, kwa kuwa kanga haipimi kila kitu. Lakini nimeshamfunika jicho la kulia, kisha la kushoto. Mara zote mbili alicheka, akanyoosha mkono, akanishika pua.