Maneno na Asili Yake: Pulchritudo, Uzuri wa Kilatini (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwa Venus, mungu wa kike wa Warumi, na neno venustas lililotokana na jina lake. Leo tunalishika lililo zito zaidi: pulchritudo, yaani uzuri.

Ndani yake mna sifa pulcher, "-zuri". Kipande cha mwisho, -tudo, hugeuza sifa kuwa nomino, kazi ile ile ya u- yetu tunapotoka kwenye -zuri kwenda uzuri. Sisi tunabandika mbele, wao walibandika nyuma. Aliyesoma jiografia amekwisha kukutana nacho: longitudo kwa Mrumi ni urefu, na latitudo ni upana.

Herufi h ndiyo yenye kisa. Wazee wa Roma walisema na kuandika pulcer, bila h. Kigiriki kilikuwa na sauti zinazotolewa kwa mpumuo, na kilipopata hadhi mjini Roma, watu wakautia mpumuo huo hata katika maneno yasiyo ya Kigiriki. Cicero anaeleza katika Orator, kitabu cha mwaka 46 K.K., kwamba alijua wazee hawakutamka hivyo, naye kwa muda akatamka kama wao. Mwishowe aliusikiliza umma, akaufuata. Nakipenda sana kisa hiki. Bingwa wa Kilatini alikubali kwamba lugha ni ya wenye kuisema, na ningeomba wanaowakatiza wenzao kila wanapotamka neno wakikumbuke.

Lakini umma huohuo haukuling'ang'ania neno lenyewe. Mitaani lilivuma bellus, lililozaliwa na bonus, "-ema". Hilo halitushangazi sisi ambao -zuri yetu husifu sura na tabia kwa pamoja. Bellus ndilo lililowapa Waitalia bello na Wafaransa beau. Wahispania walishika formosus, la kutoka forma, wakapata hermoso. Waromania wakapata frumos. Pulcher likabaki kwa wasomi. Kihispania kilipolichukua kutoka vitabuni na kulifanya pulcro, maana ilikwisha kuhama: leo Mhispania akikuita hivyo, anasifu unadhifu wako, si sura.

Juma lijalo tutaanzia hapo kwenye forma, neno ambalo kwa Mrumi lilikuwa umbo, na lilikuwa uzuri pia.