Folda Iliyomeza Sauti ya Bibi

Mradi wetu wa mwaka huu klabuni ni mchezo mdogo wa kompyuta. Mchezaji anatembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, na kila mlango anaoufikia unamtegea kitendawili. Akijibu, mlango unafunguka. Akishindwa, anatoa mji, kama wengi wetu tulivyozoea kwa wakubwa wetu. Sauti inayotega ni ya bibi yake mwenzetu mmoja, anayeishi Ng'ambo. Mwenzetu huyo alipokwenda kumsalimu likizo iliyopita, alimrekodi kwa simu jioni baada ya jioni, akarudi na rekodi 19: vitendawili, hadithi, na moja ndefu ambamo bibi na shoga yake wa utotoni wanakumbushana mtaa wao ulivyokuwa.

Zilizobaki ni 8. Zile 11 hazikuibwa wala kuliwa na virusi. Zilipotea kwa sababu ya folda iliyoundwa vizuri kabisa, na msaidizi ambaye hakukosea hata herufi moja.

Msaidizi huyo ni programu ya akili mnemba ya aina inayoitwa wakala. (Tunajua, ukisikia wakala unamfikiria yule wa kibandani anayetoa pesa za simu. Mfano si mbaya: anafanya kwa niaba yako, na ukimtajia namba isiyo sahihi, shauri yako.) Akili mnemba peke yake hutoa maandishi tu, haigusi kitu ndani ya kompyuta. Ili iguse, huna budi kuipa zana, yaani orodha ya vitendo inavyoruhusiwa, kila kimoja na jina lake na maelezo mafupi. Zana ya kuunda folda ni miongoni mwa zile ndogo kabisa. Inataka kuambiwa mambo mawili: folda mpya ikae wapi, na iitweje. Wakala anaandika ombi, programu nyingine inalitekeleza, kisha anarudishiwa jibu. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, na tangu hapo watu wengi wameutumia kuunganisha akili mnemba na programu za kutengenezea michezo kama Unity na Godot.

Folda nayo inahitaji msaidizi? Hata sisi tuliuliza. Lakini katika Unity folda si mfuko tu wa kutilia vitu. Vyote vinavyotumika mchezoni hukaa ndani ya folda moja kuu, Assets, na kila faili na kila folda iliyomo hupewa faili dogo mwenza linaloishia na .meta, lenye namba ya utambulisho. Mlango wetu hauitafuti sauti yake kwa jina, unaitafuta kwa namba hiyo. Ukiihamisha sauti nje ya Unity ukasahau kale kafaili kenza, inapewa namba mpya na mlango unabaki bubu. Majina nayo yana siri zake: vilivyo ndani ya folda iitwayo Resources huingia katika mchezo uliokamilika hata kama havitumiki, na misimbo iliyo ndani ya Editor haiingii.

Kwa hiyo Unity ina amri yake yenyewe ya kuunda folda, na zana yetu ya kwanza ilipitia humo. Tatizo ni kwamba ukiiomba amri hiyo iunde Sauti wakati Sauti tayari ipo, haikatai, inakuundia Sauti 1. Baada ya wiki moja tulikuwa na Sauti, Sauti 1, Sauti 2 na Audio, kama nyumba yenye vijiko katika droo nne. Mmoja wetu akachoka, akaandika zana mpya usiku mmoja, isiyopitia Unity kabisa. Iliweza kuunda folda popote ndani ya mradi. Tulimpongeza.

Siku rekodi zilipofika tulimwandikia wakala kwa Kiswahili, maana hayo ndiyo makubaliano yetu klabuni: rekodi za bibi zitafutiwe mahali pake, zisichanganyike na zilizokwisha kukatwa. Alielewa. Ila alitafsiri. Akaunda folda iitwayo Recordings, nje ya Assets, kwenye mzizi wa mradi, akatujibu kwa adabu kwamba kazi imekwisha. Tukazitia humo. Simu ya mwenzetu ilikuwa imejaa, akazifuta huko.

Mradi tunautunza kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko na kutuwezesha kugawana kazi. Git hupewa orodha ya vitu vya kupuuza, na sisi, kama wengi wanaotumia Unity, tulichukua orodha iliyo tayari. Humo mna mstari unaosema: puuza folda ya Recordings iliyo kwenye mzizi wa mradi, kwa kuwa rekodi huwa nzito mno. Mstari huo una sababu yake. Kosa ni letu, hatukuwahi kuusoma. Na angeiita Rekodi, neno lile lile tulilomwandikia, Git ingezibeba zote 19.

Wiki tatu baadaye mwenye kompyuta ile aliifuta yote ili ampe mdogo wake. Angeogopa nini? Kila kitu kilikuwa "kwenye Git". Katika nakala zetu tulikuta 3 tu, zile tulizokwisha kukata. Nyingine 5 zilikuwa kwenye WhatsApp ya mama yake.

Tulimpigia bibi sote kwa pamoja, tukamwamkia, na mwenzetu akaanza kueleza akijikwaa, maana hakujua aisemeje folda iliyopuuzwa.

"Kwa hiyo mmezitia mahali," bibi akauliza, "na mahali penyewe hapapo?"

"Ndiyo, bibi."

Akacheka sana. Akasema atatusemea tena.

Zana sasa tumeifunga kamba. Haiundi kitu nje ya Assets, inaangalia kwanza kama folda ipo, na inaiuliza Git kwa amri ya git check-ignore kama njia hiyo inapuuzwa. Ikiwa ndiyo, inakataa na kutuonyesha mstari wenyewe. Maelezo yake tumeyaandika kwa Kiswahili, na majina hayatafsiriwi: Sauti, Picha, Milango, Rekodi. Kulikuwa na ugomvi mrefu kama zana iitwe unda_folda au unda_kabrasha. Kabrasha lilishindwa kwa kura moja, na walioshindwa bado hawajanyamaza. Rekodi zenyewe ziko pia kwenye diski ndani ya droo, jambo ambalo halikuhitaji akili mnemba.

Bibi amekwisha kutusemea 6. Vitendawili vimerudi neno kwa neno. Hadithi moja imerudi na mwisho mwingine, naye anashikilia kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ile ya mtaa haisemi, anasema peke yake haikumbuki vile. Shoga yake amehamia Pemba kwa wanawe. Mwenzetu anakwenda Desemba, na namba ya simu ya huko ameshapewa.