Mbwa Kwenye Yoti: Taabu Iko Bandarini

Wakati wa kiangazi, katika pwani za Uingereza, Ufaransa na Uholanzi, si ajabu kuona familia ikimpakia mbwa kwenye yoti pamoja na masanduku ya chakula. Msomaji wa Lamu au Tanga huenda akacheka: chomboni paka anaeleweka, kwa sababu ya panya, lakini mbwa ana kazi gani? Hana kazi. Kwao ni mmoja wa nyumba, na kumwacha kwa jirani wiki tatu kunawauma. Wanachoulizana sana ni kama ataistahimili bahari. Nadhani hilo ndilo swali jepesi, kwa kuwa bahari huzoeleka. Safari huharibiwa na nchi kavu: ile anayoihitaji mbwa kwa haja zake, na ile ambayo serikali haitaki aikanyage.

Ya baharini yanaelezeka upesi. Chombo kikienda mbisho hulala upande, na kucha za mbwa hazishiki kwenye sitaha laini, hivyo atandikiwe kitu kisichoteleza karibu na usukani, penye watu. Akianza kudondosha mate, kupiga miayo na kulamba midomo, bahari imemchafua. Dawa ipo, inaitwa maropitant, na daktari wa mifugo ndiye huitoa. Jua lina hatari kuliko wimbi, maana mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu. Hupoa kwa kuhema, ulimi nje. Turubai la kivuli ni la lazima, na maji pia: mbwa wa kilo 20 huhitaji kiasi cha lita moja kwa siku, na zaidi joto likipanda. Akishindia maji ya bahari atatapika na kuharisha, na chumvi ikizidi mwilini anaweza kushikwa na degedege.

Jaketi okozi lake lina kitu kimoja cha kuangalia kabla ya rangi na bei: mpini mgongoni. Mtu aliyeanguka majini hutupiwa kamba akaishika, mbwa hawezi. Nahodha hurudisha chombo, mwenzake hulala kifudifudi ukingoni, hunasa ule mpini kwa upondo, kisha humvuta juu. Pasipo mpini, mbwa wa kilo 30 aliyelowa hana pa kushikika. Na kamba ya kumfungia isiunganishwe na ukosi wa shingoni, bali na mkanda wa kifuani, asije akaruka ukingo akaning'inia kwa shingo.

Haja ni kisa kingine. Mbwa wa nyumbani amefundishwa tangu utoto kwamba ndani si mahali pake pa kujisaidia, na kwake yoti ni ndani. Atajizuia saa nyingi, wengine hata zaidi ya siku nzima, akimtazama bwana wake kwa huzuni. Wazoefu huanza mapema: kipande cha nyasi bandia huwekwa uani nyumbani mpaka akizoee, kisha hupelekwa chomboni bila kuoshwa, kiwe na harufu yake. Huwekwa omo, kikiwa na kamba pembeni ili baadaye kitoswe baharini na kusuuzwa. Siku ya kwanza anapokubali, shangwe yake huwa kama ya kutia nanga salama. Asiyekubali huamua ratiba ya wote: asubuhi na jioni, mvua au jua, mtu ateremshe kihori ampeleke ufukweni, na nahodha ajikute akichagua pa kulala kwa kutazama mchanga badala ya upepo.

Tuje kwenye karatasi. Mwenye yoti wa kusini mwa Uingereza anaweza kuvuka hadi Ufaransa kwa siku moja. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipokwisha jitoa katika taratibu za Umoja wa Ulaya, mbwa huyo anahitaji chipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotimiza siku 21, na cheti cha afya kinachotolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia. Tena aingilie katika bandari zilizoteuliwa, si popote penye gati. Hayo yanavumilika. Kigumu ni kurudi: Uingereza hairuhusu mbwa anayetoka Ufaransa aingie kwa chombo cha binafsi. Lazima apite njia zilizoidhinishwa, yaani feri au treni ya chini ya bahari, akiwa amepewa dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Kwa hiyo baharia mmoja hushuka, hupanda feri na mbwa, wenzake wakarudisha yoti.

Ukali huo una sababu. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea hakina tiba, na virusi vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo mbwa anaweza kushuka gatini akitikisa mkia, naye amevibeba. Uingereza iliwahi kuumaliza ugonjwa huu, ukarudi mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na haukuondoka tena hadi 1922. Kwa miongo mingi baadaye kila mbwa mgeni aliwekwa karantini miezi sita, hadi utaratibu wa chanjo na nyaraka ulipoanza mwaka 2000.

Sisi tuna mfano ulio karibu zaidi. Kampeni za kuchanja mbwa ziliufuta ugonjwa huo Pemba mwaka 2014, lakini mwaka 2016 ukarudi, ikabidi kuanza upya. Kutoka bara hadi Pemba hakuna mbwa wa kuogelea. Alipakiwa.

Ndiyo maana mbwa anayetoka Kenya au Tanzania kwenda Ulaya huwekewa sharti la ziada: kipimo cha damu, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kuonyesha kinga imefika kiwango, halafu miezi mitatu ya kusubiri. Kusini mwa Pasifiki ni kukali zaidi. New Zealand na Australia humtaka mbwa aliyekuja na yoti abaki amefungiwa chomboni, asiguse gati wala mnyama mwingine. Ukishavuka bahari kuu kwa wiki nyingi, kumnusisha mbwa harufu ya nyasi na kumkatalia ni ukatili mdogo, na hapo mimi ningemwacha nyumbani.

Mwaka 2023 dunia ilisoma habari za Tim Shaddock, Mwaustralia aliyeondoka La Paz, Meksiko, na mbwa wake Bella kuelekea Polinesia ya Ufaransa. Dhoruba iliharibu vifaa vya chombo, wakaelea kiasi cha miezi miwili wakila samaki wabichi na kunywa maji ya mvua, hadi meli ya jodari ya Meksiko ilipowaokoa. Bahari haikumshinda Bella. Ila Shaddock aliporejea Australia, Bella alibaki Meksiko na baharia mmoja wa meli ile.

Anayetaka kusafiri pasipo misukosuko hii ya karatasi ana uchaguzi. Kutoka Ireland, Kisiwa cha Man na visiwa vya Jersey na Guernsey, mbwa anaruhusiwa kuingia Uingereza na yoti ya mwenyewe, mradi njiani hakupitia Ufaransa.