Fahamu: Kwa nini kipimo cha joto hurukaruka kwenye Arduino

Kihisi cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi takriban milivolti 4.9. Kwa hiyo umeme wa USB unaotoa volti hizo 5 ukitikisika kidogo tu, kipimo huruka nusu nyuzi.

Anza na waya, si programu. Kama mradi una mota, mkondo wake usipite kwenye waya wa ardhi wa kihisi. Hapo ndipo wengi hukwama. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya umeme wa kihisi na ardhi, karibu kabisa na mguu wake. Tumia rejea ya ndani ya Arduino ya volti 1.1 badala ya volti 5, ngazi ishuke hadi milivolti 1 hivi. Kisha chukua wastani: vipimo 16 hupunguza kelele ya kubahatisha hadi robo. Mvumo wa umeme wa hertzi 50, hata hivyo, hutaka vipimo hivyo vitawanywe sawasawa katika milisekunde 20.