Je, Wajua? Mazutu, Makala na Hesabu ya Moshi

Je, wajua kwamba lita 1 ya mazutu haifiki hata kilo 1, lakini ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa? Si uchawi: kaboni ya mafuta hujichukulia oksijeni hewani, na oksijeni ina uzito wake.

Je, wajua kwamba umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaowaka Lubumbashi karibu wote ni wa maji? Bwawa la Mwadingusha, mtoni Lufira, linauzalisha tangu 1930. Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba. Na waya unaoleta umeme wa mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilometa 1,700 hivi, ulikamilika 1982. Ukipima nyayo za kaboni za biashara yako, yaani hewa ukaa inayotokana na kazi zake, bili ya umeme haitakutisha. Kinachotisha ni delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu na jenereta kuwashwa. Tuseme una mashine ya kusaga mahindi, jenereta inakula lita 20 kwa siku, siku 25 za kazi. Hizo ni lita 500. Zidisha kwa 2.7, unapata kilo 1,350 za hewa ukaa. Mwezi mmoja tu, na unga bado haujatoka mlangoni!

Je, wajua kwamba mwongozo wa GHG Protocol, uliotoka 2001, hugawa hesabu ya kaboni mafungu matatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na yote yanayochomwa na wengine kwa ajili yako? Lori la shaba linalovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Durban ni fungu la kwanza kwa mwenye lori, la tatu kwa mwenye mzigo. Moshi mmoja, madaftari mawili, na wote wawili wako sahihi.

Je, wajua kwamba hewa ukaa ya makala huandikwa pembeni, nje ya mafungu hayo, kwa kuwa mti ukiota tena huivuta? Kwenye karatasi ni sawa. Lakini tanuru la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kilo 1 ya makala, na miombo ya kandokando ya mji inazidi kurudi nyuma. Mwenye mgahawa anayepikia mbabula asijisifu upesi.

Je, wajua kwamba kilo 1 ya gesi ya friji aina ya R-134a ikivuja hupasha dunia joto kama kilo 1,300 za hewa ukaa au zaidi? Wauzaji wa samaki wa barafu, muulizeni fundi anakoiachilia.

Je, wajua kwamba wazo la nyayo za kaboni lilivumishwa sana miaka ya 2000 na matangazo ya BP, kampuni ya mafuta? Hilo nalo liandikwe.

Je, wajua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inawataka watengenezaji wa betri za magari ya umeme watangaze kaboni ya betri zao? Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, basi swali hilo litashuka kutoka kiwandani hadi mgodini, kisha kwa anayeuletea mgodi mazutu na chakula cha kantini. Wewe unayeuza huko, tunza risiti za mazutu kuanzia mwezi huu, na kila jioni andika saa za jenereta.